Nani Anaruhusiwa Kuingia Kwako na Hati ya Upekuzi kwa Mambo ya Mipango na Ujenzi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria hapa Kisumu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusoma karatasi za watu kwa sauti na kuwaambia zinasema nini. Maswali yaliyo hapa chini yametoka Nyalenda, Manyatta na Mamboleo, mengine Nakuru upande wa Kiamunyi na Free Area, na machache Kakamega. Karibu yote huanza namna moja: "Kuna watu wako getini." Majibu ni ya sheria ya Kenya. Pale nilipotaja nchi nyingine nimesema hivyo waziwazi, kwa sababu mkanganyiko mwingi huanzia hapo.

Watu wa kaunti wamekuja. Ukaguzi na upekuzi si kitu kimoja?

Ni vitu viwili, na ukivichanganya utamfungia mlango mtu uliyepaswa kumkaribisha, au utamfungulia kabati mtu asiye na haki ya kuligusa.

Ukaguzi ni kuja kuona. Mkaguzi wa majengo anataka kujua kama nguzo zako ni zile zilizo kwenye ramani, kama umeacha nafasi inayotakiwa kutoka barabarani, kama ghorofa ni tatu ulizoombea au umeongeza ya nne kimyakimya. Idhini ya ujenzi kwa kawaida huja na sharti la kukaguliwa kwa hatua: msingi kabla ya kufukiwa, slabu kabla ya kumwagwa, na kuendelea. Mtu wa namna hiyo ni vyema aingie. Wewe ndiye utakayeumia jengo likipasuka na fomu ya ukaguzi haina sahihi.

Upekuzi ni kuja kutafuta. Mtu anafungua droo, anapekua faili, anabeba ramani, mikataba na risiti, upende usipende. Hapo ndipo Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inapoingia: kila mtu ana haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutopekuliwa yeye, nyumba yake wala mali yake, na ya kutochukuliwa vitu vyake. Haki hiyo inaweza kuwekewa mipaka, ila kwa sheria, na njia ya kawaida ya kisheria ni hati iliyotolewa na mahakama.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa anayenipigia simu huwa hili: wanataka kuangalia jengo, au wanataka kuingia chumbani? Eneo la mjengo lenye mchanga na kokoto ni jambo moja. Chumba unacholala na wanao ni jambo jingine kabisa.

Sasa, nani hasa anaruhusiwa kutekeleza hati ya upekuzi?

Yule aliyetajwa kwenye hati. Jibu ni fupi hivyo, na watu wengi hawaliamini.

Kifungu cha 118 cha Sheria ya Utaratibu wa Mashtaka ya Jinai, Sura ya 75, kinasema kwamba ikithibitishwa kwa kiapo mbele ya mahakama au hakimu kuwa mahali fulani pana kitu kilichohusika na kosa, au kitu kinachohitajika katika uchunguzi wa kosa, au inashukiwa kwa sababu za maana kuwa kipo hapo, basi hakimu anaweza kutoa hati ya maandishi inayomruhusu afisa wa polisi, au mtu aliyetajwa jina ndani ya hati hiyo, kupekua mahali hapo. Kitu kikipatikana, kinachukuliwa na kupelekwa mahakamani.

Rudi usome tena hayo maneno "au mtu aliyetajwa jina". Ndiyo mlango ambao afisa wa mipango wa kaunti anaweza kupitia. Si lazima awe polisi. Lakini ni lazima hakimu awe amemtaja. Cheo chake hakimtoshi, wala koti la kuakisi mwanga, wala barua ya mkurugenzi wake.

Upande wa polisi sheria ni pana kidogo. Hati inaweza kuelekezwa kwa afisa mmoja, kwa maafisa kadhaa, au kwa polisi wote wa eneo la mahakama ile. Ikiwa imeelekezwa kwa afisa mmoja naye akashindwa kuja, anaweza kumwandika mwenzake nyuma ya hati, na huyo mwenzake akaitekeleza. Vifungu hivi viliandikwa kwa ajili ya hati za kukamata watu, lakini kifungu cha 122 kinavileta pia kwenye hati za upekuzi. Basi usishangae jina lililochapwa mbele likiwa la mtu mmoja na aliye mlangoni ni mwingine. Geuza karatasi, tazama nyuma.

Raia aliyetajwa jina hana uhuru huo. Afisa wa mipango aliyetajwa hawezi kumtuma mwanafunzi wa mafunzo aliye ofisini kwake aende badala yake.

Askari wa kanjo je?

Askari wa kaunti si afisa wa Huduma ya Kitaifa ya Polisi, hata akivaa kofia na buti zinazofanana. Maneno "afisa wa polisi" kwenye hati hayamhusu. Akitajwa kwa jina, sawa. Asipotajwa, anaweza kusimama getini kulinda gari.

Kwa uzoefu wangu hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa, kwa sababu mtu aliyewahi kuwaona kanjo wakibeba mikokoteni ya wachuuzi Kibuye au Kondele huamini kwamba wanaweza kubeba chochote popote. Amri za soko na barabara ni habari nyingine. Chumba chako cha kulala hakiko kwenye soko.

Nilisoma kwenye intaneti kuwa mkaguzi wa mipango lazima aandamane na polisi. Ni kweli?

Ni kweli New Zealand. Kule, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali ya 1991 inasema hati ya upekuzi ielekezwe kwa konstebo aliyetajwa, au kwa konstebo yeyote, au kwa afisa wa utekelezaji aliyetajwa akiwa ameandamana na konstebo. Afisa wa mipango peke yake haingii. Na hata katika ukaguzi wa kawaida usio na hati, sheria hiyo inamruhusu afisa kuingia mahali popote kwa saa za maana isipokuwa nyumba ya kuishi.

Uingereza wameenda njia nyingine. Chini ya Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya 1990, hakimu anaweza kumruhusu mtu yeyote aliyeidhinishwa kwa maandishi na mamlaka ya mipango, polisi asiwepo. Lakini hati hiyo huruhusu kuingia mara moja tu, ndani ya mwezi mmoja, na kwa saa ya maana labda pawe na dharura. Na kwa nyumba ya kuishi, anayetaka kuingia bila hati hawezi kudai aingie kama haki yake mpaka anayeishi humo awe amepewa notisi ya saa 24.

Kenya haikuchagua hata moja kati ya hizo. Sisi tuna kifungu cha jumla cha jinai kinachotumika kwa wizi wa ng'ombe Bungoma sawasawa na kwa ramani bandia Kisumu. Mtu aliyetajwa jina anaweza kuitekeleza hati bila polisi kando yake. Maoni yangu ni kwamba wa New Zealand wamefikiri vizuri zaidi, kwa sababu mpimaji au mpangaji wa miji hajafunzwa namna ya kuingia kwenye nyumba ya mtu anayelia. Na kusema kweli maafisa wenyewe huku kwetu hawapendi kwenda peke yao. Wengi huomba polisi waje hata pale hati isipodai hivyo.

Nani anaomba hati, na mimi nitaitwa nijitetee kwanza?

Hutaitwa. Kifungu cha 118A kinasema ombi lisikilizwe upande mmoja. Ukiambiwa mapema si upekuzi tena, ni miadi.

Anayeomba ni mpelelezi wa polisi au afisa anayeshughulikia kosa hilo, na lazima aape. Na lazima pawe na kosa. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau. Jirani yako akisema ukuta wako umeingia kwake futi mbili, huo ni mgogoro wa mpaka, na mgogoro wa mpaka peke yake hauzai hati ya upekuzi. Kujenga bila idhini, kwa upande mwingine, ni kosa: kifungu cha 57 cha Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi, namba 13 ya 2019, kinaweka faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kughushi mhuri wa idhini ni kosa pia, na hilo liko kwenye Kanuni ya Adhabu.

Hata hivyo hati za upekuzi kwa mambo ya mipango ni chache, na sababu yake iko wazi. Ghorofa haifichwi chini ya kitanda. Mtu akijenga orofa sita mahali pa orofa mbili, kaunti inaiona kutoka barabarani na kuandika notisi bila kuomba ruhusa ya hakimu. Hati hutafutwa pale ushahidi ulipo ndani: mihuri inayoshukiwa, ramani zenye sahihi ya msanifu aliyekwisha kufariki, mkataba wa kontrakta, kompyuta iliyochorewa ramani. Ukiona hati ya upekuzi mlangoni kwa sababu ya mjengo, jua anayekuja haulizi tena kama umejenga. Anauliza nani alikusainia.

Hati ya kweli naijuaje?

Isome. Usiogope kuisoma polepole huku wamesimama. Ni haki yako na hakuna kinachoungua. Tafuta jina la mahakama iliyotoa, sahihi ya hakimu na mhuri wa mahakama, tarehe, namba ya shauri, kosa linalochunguzwa, mahali panapotakiwa kupekuliwa, vitu vinavyotafutwa, na yule aliyeelekezewa.

Hati haitolewi na OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi. Haitolewi na mkurugenzi wa mipango wa kaunti, wala waziri wa kaunti, wala meneja wa jiji. Barua yenye nembo ya kaunti na maneno makali kwa wino mwekundu ni barua tu.

Niliwahi kuitwa na mama mmoja upande wa Manyatta, mwenye vyumba kumi vya kupangisha. Nilipofika alikuwa ameshawapa wageni wake soda. "Mwanangu, hawa wanasema wana waranti," akaniambia. Nikaomba kuiona. Ilikuwa fotokopi ya fomu, jina la hakimu halipo, namba ya ploti imejazwa kwa kalamu ya rangi nyingine, na chini sahihi ya "kwa niaba ya". Nikauliza namba ya shauri. Wakasema wameiacha kwenye gari, wacha waikimbilie. Hiyo soda walikunywa bure, maana hawajarudi hadi leo.

Hati ikiwa na namba ya shauri, mtu mmoja anaweza kupiga simu kwenye rejista ya mahakama hiyo, au kumtuma kijana wa boda mpaka mahakamani, wakati nyinyi wengine mko mlangoni. Na kujifanya mtumishi wa umma ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Likitokea, liripotiwe kituo cha polisi upewe namba ya OB, yaani namba ya kitabu chao cha matukio.

Wanaweza kuja usiku? Na Jumapili?

Jumapili, ndiyo. Kifungu cha 119 kinaitaja kabisa Jumapili, kwa hiyo kusema "tuko kanisani" hakuizuii hati.

Usiku, hapana, isipokuwa hati yenyewe imesema. Kanuni ni kati ya jua kuchomoza na jua kutua. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua letu la Kisumu halibadiliki sana mwaka mzima: linachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi asubuhi, na kabla ya saa moja jioni limeshazama. Mtu akibisha saa nne usiku, swali lako ni moja: iko wapi sentensi ya hakimu inayoruhusu saa yoyote? Ikiwepo, ipo.

Nikikataa kufungua?

Kama hati ni halali, usikatae. Kifungu cha 120 kinamtaka mtu anayeishi mahali hapo au anayepasimamia aruhusu kuingia na kutoka, na awape wapekuzi nafasi ya kufanya kazi. Usipofungua wanaweza kuvunja mlango, na hiyo bawaba hakuna atakayekulipa. Kuwazuia kwa nguvu kunakuongezea shtaka lililo jepesi kuthibitisha kuliko lile la ujenzi. Nimewaona watu wakitoka kwenye kesi ya ramani salama na kubaki na kesi ya kumsukuma konstebo.

Sema tu, kwa sauti ya kawaida, mbele ya shahidi: "Naheshimu hati, sikubali upekuzi nje ya hati." Kisha simama pembeni uangalie.

Ikiwa mtu aliye ndani anashukiwa kuficha kitu mwilini, anaweza kupekuliwa, na mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake kwa kuzingatia staha. Wakija wanaume pekee, mama wa nyumba ana haki ya kusema wasubiri.

Mwenye ploti yuko Nairobi. Mimi ni mpangaji, au keateka.

Sheria inazungumza na anayeishi au anayesimamia mahali, kwa hiyo wewe uliyepo ndiye utakayefungua. Lakini soma mahali palipotajwa. Hati ya ofisi ya chini haifungui nyumba ya mpangaji wa ghorofa ya pili. Chumba chako cha kupanga ni nyumba yako kwa maana ya Ibara ya 31, hata kama kodi ya mwezi uliopita bado.

Mpigie mwenye ploti simu, piga picha hati umtumie. Usisaini chochote kwa niaba yake isipokuwa orodha ya vitu vilivyochukuliwa, na hata hapo andika "nimeshuhudia tu".

Wanaruhusiwa kubeba nini?

Vile vilivyotajwa. Kwa mambo ya mipango utakuta: ramani, barua za idhini, risiti za kaunti, mikataba, mihuri. Vikichukuliwa hupelekwa mahakamani, na kifungu cha 121 kinataka vitunzwe vizuri mpaka shauri liishe. Pasipokuwa na kesi, mahakama huamuru virudishwe kwa aliyechukuliwa.

Kompyuta na simu zina mambo yake. Kutafuta data iliyohifadhiwa humo kuna utaratibu katika kifungu cha 48 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, nako pia ni polisi au mtu aliyeidhinishwa anayeomba hati mahakamani. Wachora ramani wa Nakuru na Eldoret, mnaoweka kazi za wateja arobaini kwenye laptopu moja, tunzeni nakala pengine. Laptopu ikienda kama kielelezo, wateja thelathini na tisa wasio na hatia watakaa wakisubiri.

Dai orodha. Vitu vyote, kimoja kimoja, na sahihi ya aliyevichukua. "Faili kadhaa" si orodha.

Wakishaingia na hati wanaweza kubomoa?

Hapana. Hili nitalikalia kidogo kwa sababu limewaliza watu.

Hati ya upekuzi inaruhusu kutafuta na kuchukua. Haitaji nyundo. Ubomoaji una njia yake, na njia hiyo huanza na notisi ya utekelezaji chini ya kifungu cha 72 cha sheria ile ya 2019. Anayeitoa ni waziri wa kaunti anayehusika na mipango. Notisi lazima ieleze ujenzi unaolalamikiwa, hatua unazotakiwa kuchukua, na muda uliopewa. Inaweza kukutaka ubadilishe, usimamishe, au ubomoe.

Ukiipata, usiiweke kwenye droo. Una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya usuluhishi wa mipango, ile iliyoundwa na sheria hiyohiyo, nayo ina siku 30 za kuamua. Usiporidhika na uamuzi wao, unaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hapa kwetu inakaa Kisumu, Nakuru, Kakamega, Eldoret na miji mingine kadhaa. Kuipuuza notisi kuna adhabu ileile: faini hadi shilingi 500,000, kifungo hadi miezi miwili, au vyote.

Kuna jambo jingine linalofaa kuangaliwa kabla hujakubali kwamba huna idhini. Ikiwa uliomba idhini na kaunti ikakaa kimya siku 60 bila kukujibu kwa maandishi, sheria inaihesabu kuwa imekubali. Nimekutana na zaidi ya mtu mmoja aliyekuwa tayari kubomoa choo chake ilhali risiti ya maombi, yenye tarehe, ilikuwa ndani ya Biblia ya mkewe.

Polisi wanaweza kuingia bila hati kabisa?

Wakati mwingine. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 kinamruhusu afisa anayechunguza kosa kuingia na kupekua pale anapoamini kwa sababu za maana kwamba kungoja hati kutaharibu uchunguzi. Ni ruhusa ya polisi. Afisa wa mipango hawezi kuiazima kwa kusimama karibu na polisi.

Na katika mambo ya ujenzi, dharura hiyo huwa ngumu kueleza mahakamani. Nguzo za zege hazikimbii kuvuka mpaka wa Busia. Karatasi zinaweza kuchomwa, hilo ni kweli, na hapo ndipo afisa atakapojenga hoja yake. Akija hivyo, mwombe kitambulisho chake cha kazi, andika jina na namba, na umruhusu. Ubishi wa kama alikuwa na sababu hufanyika baadaye, ukiwa na wakili.

Na NCA, NEMA, watu wa afya?

Hawa wana sheria zao, na wasikuchanganye. Maafisa wa uchunguzi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) wanaweza kuingia kwenye eneo la ujenzi na kusimamisha kazi. Wakaguzi wa mazingira wa NEMA, chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, wanaweza kuingia mahali kwa saa za maana bila hati, mradi wajitambulishe. Ila wakitaka kumkamata mtu, hapo wanahitaji hati ya mahakama. Maafisa wa afya ya umma huingia kutazama kero kama maji taka yanayotiririka kwa jirani. Ile X nyekundu inayopakwa ukutani mara nyingi ni ya wakaguzi wa kitaifa wa majengo, ikiwa onyo kuhusu usalama wa jengo. Hakuna hati ya upekuzi iliyojificha ndani ya rangi hiyo.

Wote hao wanaingia kukagua. Wakianza kufungua makabati, rudi kwenye jibu la kwanza.

Chifu, mzee wa mtaa, diwani?

Hapana, hapana, na hapana. Waje kama mashahidi, ni heri. Mzee wa mtaa aliyetulia anasaidia kuliko wakili aliye mbali.

Wamepekua vibaya. Nifanye nini?

Siku hiyohiyo, kabla hujalala, andika: saa waliyofika na saa waliyoondoka, majina, namba za gari, vyumba walivyoingia, walichobeba, nani alikuwepo. Kumbukumbu ya kesho ina hasira ndani yake na mawakili wa upande wa pili wanaijua harufu hiyo.

Kama ni polisi, malalamiko yanakwenda IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi. Kama ni maafisa wa kaunti, kuna Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile watu wanaita Ombudsmani. Ukitaka nakala ya hati au ripoti ya ukaguzi, iombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Asiye na uwezo wa wakili aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Na ukishtakiwa, mwambie wakili wako mapema jinsi ushahidi ulivyopatikana. Ibara ya 50(4) ya Katiba inasema ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki utaondolewa ikiwa kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki, au kutaathiri utoaji wa haki. Kuna "ikiwa" hapo. Hakimu anapima, si kila kosa la mpekuzi litakuokoa. Lakini hoja isiyotajwa haipimwi kabisa.

Mbwa nimfunge?

Mfunge. Kifungu cha 120 kinataka waingie na kutoka bila kizuizi, na mbwa hasomi hati.